Mjumbe Aliyejibu Amina

Kikao cha baraza kilikuwa kimefika kwenye Mengineyo, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye vikao anajua watu huwa katika hali gani wakifika kwenye Mengineyo. Madiwani walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Walikuwa wamejadili mitaro, taa za barabarani, mbwa wasio na wenyewe, halafu mitaro tena, maana diwani mchinjaji alikuwa nje akiongea na simu wakati mitaro ilipojadiliwa mara ya kwanza, na alipoingia akataka aelezwe upya. Feni moja ilizunguka juu ya meza ya Mstahiki Meya. Nyingine ilikuwa imekufa siku nyingi, na waliokaa chini yake walijipepea kwa makabrasha yao.

Chini ya feni iliyokufa ndipo alipokaa diwani wa kata ya Sokoni. Watu walimwita Mama Diwani, ingawa wazazi wengi walizoea zaidi kumwita Fundi, kwa kuwa ndiye aliyewashonea watoto wao sare za shule kabla hajaingia kwenye siasa. Aliendelea kushona hata baada ya kuingia, kwa sababu udiwani peke yake haukuweza kuwasha jiko.

Siku hiyo alikuwa na uchovu ule ambao mtu hulala nao na kuamka nao. Shule zilikuwa zimefungwa, na zikifungwa ndipo sare zinaposhonwa. Lakini sare hazikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ilikuwa mumewe.

Mumewe alikuwa mgawa barua wa posta, mtu wa baiskeli na mfuko wa begani, mpaka alipostaafu. Kisha kiharusi kikampata asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Mguu ulirudi. Mkono ukarudi nusu. Maneno nayo yalirudi, ila yalirudi yamechanganyika kama barua zilizomwagika njiani na kuokotwa kwenye giza. Akitaka maji alisema kengele. Akitaka miwani alisema baiskeli. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alijua anachokitaka, na alijua kwamba alilolisema silo, na hapo ndipo machozi yalipomlengalenga.

Mtu pekee aliyemwelewa ni mkewe. Kengele, akamletea maji. Baiskeli, akamvisha miwani. Mengine aliyasoma machoni kabla hayajafika mdomoni. Mchana alimkalisha dukani kwake, kwenye kiti kando ya cherehani, jioni wakarudi nyumbani pamoja, polepole, mzee akishika mkongojo upande mmoja na bega la mkewe upande wa pili. Siku za baraza alimwacha kwa jirani, na siku hizo mzee hakusema lolote. Alilala mbele ya redio hadi aje kuchukuliwa.

"Waheshimiwa," Meya alisema, akifunua karatasi ya mwisho kwa kidole kilichokwisha kuchoka, "Umoja wa Miji unatutaka tupeleke jina la mjumbe wetu wa kura kwa ajili ya mkutano mkuu wa mwaka. Mji mmoja, mjumbe mmoja, kura moja. Jina linatakiwa kesho kabla ofisi hazijafungwa. Nani anajitolea?"

Ghafla madiwani wote wakawa wasomaji. Kila mmoja aliinamia kabrasha lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

Si kawaida safari kukosa mwenyewe. Safari nyingine ziligombaniwa hadi watu wakanuniana. Lakini hii ilikuwa ya kutwa nzima kwenye basi, kulala kwenye bweni la chuo, na posho hakuna, kwa sababu fungu la safari lilikuwa limekauka tangu katikati ya mwaka. Tena kulikuwa na habari ya Mkono.

Mkono alikuwa diwani mwenye duka la saruji na mabati. Mwaka uliopita alikwenda yeye, na huko akanyoosha mkono kuunga mkono hoja moja ndefu ambayo hakuna aliyeisoma mpaka mwisho. Mwisho wake ulikuwa kupanda kwa ada ya taka katika miji yote. Aliporudi, watu walikuwa wameshampa jina. Hata kinyozi wake alimwambia, "Mkono, hebu ushushe kidogo nikunyoe." Watoto wake shuleni waliitwa Vidole.

"Na mwaka huu kuna jambo zito," Meya aliendelea. "Miji mikubwa imeleta hoja kwamba miji midogo kama wetu tusiwe tena na kura nzima. Tuwe na nusu kura."

"Nusu kura unaipigaje?" mchinjaji aliuliza.

"Unanyoosha mkono mpaka kwenye kiwiko," Mkono alijibu bila kuinua uso.

Watu walicheka, kicheko cha watu wenye njaa, kikakatika mara moja.

"Haya, tucheke, lakini jina?" Meya alisema. "Mchinjaji?"

"Mimi mgongo huu, Mstahiki. Basi likiruka shimo moja tu mtanileta kwenye machela."

"Mwalimu?"

Mwalimu mstaafu alisafisha koo. "Mimi nimekwenda zamani sana. Si vizuri wazee tung'ang'anie. Tuwapishe vijana."

"Kijana je?"

Diwani kijana alitabasamu kwa adabu. "Mimi bado mchanga, mzee wangu. Nitawaaibisha."

Mama Diwani hakuwa akisikia tena. Alikuwa ametazama dirishani akaona jua limeshuka mpaka kwenye ukuta wa bohari, akajua jirani yake atakuwa ameanza kupika na mzee ameachwa peke yake sebuleni. Akafumba macho. Hakuwa mtu wa kuomba hadharani. Aliomba popote alipokuwa, kwenye cherehani, kwenye foleni, na mara nyingi kwenye baraza. Mungu wangu, aliomba, asiamke akakuta sipo. Asitake kitu wakamletea kingine. Nipe nguvu za leo tu, za kesho nitakuja kuziomba kesho. Aliomba na mengine ambayo ni yake na Mungu wake. Midomo yake ilicheza kidogo. Na kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa nyumbani alizoea kumalizia sala kwa sauti ili mumewe asikie na kuitikia kwa kichwa, alipofika mwisho alisahau yuko wapi.

"Basi mimi nampendekeza diwani wa Sokoni," Meya alikuwa akisema. "Mheshimiwa, unaridhia?"

"Amina," alisema Mama Diwani.

Makofi yaliyopigwa yalimfumbua macho. Hakuwahi kupigiwa makofi kama yale, hata siku alipokula kiapo. Watu walipiga kama waliofunguliwa mlango.

"Mstahiki Meya, samahani, hebu kwanza. Mimi nilikuwa—"

"Umesema Amina, mama," mchinjaji alisema. "Hata kwenye ndoa watu husema ndiyo tu. Wewe umetia na baraka juu!"

"Sikusikia ulichouliza!"

"Aaa, unyenyekevu huo," Meya alisema, na hapo akamvisha kilemba cha ukoka cha kumtosha hadi mabegani: diwani mchapakazi, mama wa mfano, mtu asiyependa makuu, tunu ya mji. "Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!"

"Wanaopinga waseme siyo."

Aliifungua midomo yake, lakini viti vilikuwa vimeshaanza kusukumwa nyuma. Mjumbe wa akiba hakupatikana. Nafasi iliachwa wazi, kikao kikafungwa, na madiwani wakatoka kama wanafunzi waliosikia kengele.

Mkono alimngoja kwenye ukumbi wa nje. "Pole, dada yangu."

"Ya nini? Mimi siendi. Kesho asubuhi nakuja kujitoa."

"Sawa. Lakini ukienda, soma mpaka ukurasa wa mwisho. Mimi nililala kwenye ule wa mwisho." Alishuka ngazi, akageuka. "Na usikae karibu na dirisha. Kuna upepo mzuri sana pale. Ndio ulionilaza."

*

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alipomwingiza mumewe na kumkalisha, hata hajavua viatu, alisikia sauti iliyoweza kuita watoto mia tatu kwenye chakula bila kipaza sauti.

"Hodi humu! Au kwa waheshimiwa siku hizi tunaingia kwa miadi?"

Alikuwa dada wa mumewe, mpishi wa shule ya bweni, mpana wa mabega na mwepesi wa maneno. Tangu siku za hospitali walikuwa hawaelewani. Kule wodini, mbele ya wagonjwa wengine, wifi yake alikuwa amemwambia kwamba siasa zake ndizo zilizomchosha kaka yake mpaka akaanguka. Alikuja kuomba radhi baadaye, na radhi ilipokelewa, lakini kidonda kilibaki na ngozi nyembamba juu.

"Karibu, wifi."

"Nimeshakaribia. Nasikia unasafiri. Nimesikia kwa muuza mkaa, si kwako."

"Sisafiri. Kesho nakwenda kujitoa."

"Kwa nini?"

Mama Diwani alimtazama mumewe, kisha akamtazama wifi yake. "Nimwache na nani?"

"Mimi ni nani hapa? Kabati? Shule zimefungwa, nimekaa tu nahesabu nzi."

"Wifi, humwelewi anavyosema."

"Nisimwelewe kaka yangu! Mtu nimelala naye kitanda kimoja, akinipiga mateke usiku kucha! Leo ati simwelewi."

"Kengele," mzee alisema kutoka kwenye kiti chake.

Wifi aligeuka kuangalia mlango. "Nani amekuja?"

Mama Diwani alikuwa ameshafika kwenye mtungi. Alimpa mumewe kikombe cha maji, akamshikia chini, akamfuta kidevu. "Unaona?" alisema. Alilisema kwa upole, lakini ndani yake kulikuwa na kiburi kidogo, na alipokisikia aliona haya.

Wifi alikitazama kile kikombe. Kisha alisema, "Kesho unakwenda kujitoa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Nitakuja nikae naye. Si kwa ajili yako. Kwa ajili yake."

Alipoondoka, mzee alimkamata mkewe mkono kwa ule mkono wake mzima. Uso wake ulikuwa ukifanya kazi, mishipa ya shingo imesimama. "Tuma," alisema. "Tuma. Wewe."

"Unataka nikuletee nini? Blanketi?"

Alitikisa kichwa. "Tuma wewe."

Alielewa kwamba anamwambia aende. Kwa miezi yote hiyo hakuwahi kujifanya haelewi, lakini jioni ile alijifanya hamnazo. Alimfunika blanketi ambalo hakuliomba, akaenda kuosha vyombo. Alipopiga magoti kabla ya kulala, sala haikusonga. Alitaka kumwuliza Mungu jambo moja. Neno lile alilitamka kwa Mungu, binadamu akaliokota na kulitumia kwa shughuli zake. Je, bado ni la Mungu, au ni la baraza? Na kama Mungu ndiye aliyeyaacha yakutane, swali la Meya na jibu lake, basi alikuwa akimwambia nini, kwamba amwache mgonjwa? Alichopata ni usingizi, paji la uso likiwa kwenye godoro, na alipozinduka magoti yalikuwa yamekufa ganzi.

*

Asubuhi wifi alifika na kikapu chake, akavua viatu, akajifunga leso kiunoni kama mtu aliyekuja kumenya viazi vya shule nzima.

"Sikiliza, wifi," Mama Diwani alisema. "Kengele ni maji. Baiskeli ni miwani. Akisema mfuko, anataka choo, usimcheleweshe. Akisema stempu—"

"Nenda. Nimekuja kumwona kaka yangu, sikuja kusoma kamusi."

"Lakini akikasirika—"

"Akikasirika nitakasirika na mimi. Nenda zako!"

Alipitia sokoni, kwa kuwa ndiyo njia, na akajuta. Muuza nyanya alimwona kutoka mbali.

"Mama Diwani! Tumesikia, hongera! Wewe ndiye mjumbe wetu wa kula!"

"Wa kura, mama. Kura."

"Si ndiyo nimesema, kula."

"Ku-ra."

"Haya, ku-la. Mkifika huko si ni kitu kile kile?"

Meza zote za karibu ziliangua kicheko. Muuza vitunguu akadakia, "Mwache mwenzio ale! Amedhoofu, hamwoni? Nguo anazoshona zinampwaya mwenyewe!"

Alicheka nao, maana asingecheka wangeendelea mpaka jioni. Lakini neno la muuza vitunguu lilimfuata. Alijitazama kwenye kioo cha duka la viatu. Gauni lilining'inia mabegani kama lililoazimwa.

Meya alikuwa peke yake ofisini, miguu imetoka kwenye viatu, amevua miwani na anasugua macho. Bila miwani alionekana kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake.

"Kaa, mama. Najua ulichokuja kusema."

"Mstahiki, sikukubali jana. Nilikuwa naomba."

"Ulikuwa unaomba nini?"

Alimwambia. Hakupanga kumwambia yote, lakini alipoanza hakuweza kuacha: kiharusi, maneno, jirani, mzee kulala kutwa nzima mbele ya redio kwa sababu hakuna wa kuzungumza naye. "Mimi ndiye mdomo wake," alisema. "Nikiondoka siku tatu, siku tatu huyo mtu ni bubu."

Meya alivaa miwani yake taratibu. "Sikujua kwamba mzee yuko hivyo."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Alivichezea viatu vyake kwa vidole vya miguu. "Na mimi nikwambie la kweli, usinikasirikie. Nilikutaja kwa sababu ulikuwa umefumba macho. Nilidhani umelala. Nikasema, huyu hatabisha."

Alitaka kukasirika, akatafuta hasira ilipo, hakuiona. Alichokiona ni kwamba walikuwa watu wawili waliochoka, mmoja kila upande wa meza.

"Nikijitoa itakuwaje?"

"Kikao kingine siwezi kuitisha kabla ya leo jioni. Nusu ya madiwani wamezima simu, wanaogopa nitawapigia." Alitabasamu kidogo. "Mji hautakuwa na mtu. Watapiga kura ya nusu kura na sisi hatumo. Lakini sitakulazimisha, mama. Mgonjwa ni mgonjwa. Karani ataandika kwamba umejitoa, na mtu akikusema vibaya, mwambie aje kwangu. Mpigie karani kabla ofisi haijafungwa, basi."

Alitoka akiwa mwepesi. Ndivyo alivyojiambia, kwamba ni mwepesi. Jambo lilikuwa limekwisha, wala hapakutokea ugomvi. Angekwenda nyumbani, amlishe mumewe, wafungue duka, ampigie karani wakati wa kukata uzi. Njia nzima alimshukuru Mungu, na njia nzima shukrani ilikuwa kavu mdomoni.

*

Aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa ule wa mbele ulilia bawaba na hakutaka kumwamsha mzee kama amelala. Lakini mzee hakuwa amelala. Sauti zilikuwa jikoni, na zilikuwa za juu.

"Stempu!" mzee alisema.

"Stempu gani tena, kaka? Posta uliiacha zamani."

"Stempu. Stempu!"

"Unataka kijiko? Kijiko hiki hapa. Si kijiko. Kitambaa? Usinikodolee macho, mimi si mganga. Redio?"

Mama Diwani alikuwa amefika kwenye mlango wa jikoni, nyuma ya pazia. Tangu stempu ya kwanza alishajua. Mzee alikuwa na yai la kuchemsha mbele yake, alitaka chumvi. Kopo lilikuwa rafu ya juu, mkono wake tayari umeanza kuinuka kwenda kulichukua. Ilimbidi tu asogeze pazia.

"Siyo!" Mzee alipiga meza kwa kiganja. "Siyo hiyo! We... we mbuzi!"

Kisha wifi akasema, "Mbuzi?"

"Mbuzi!"

"Ahaa! Kwa hiyo matusi yote yamebaki mahali pake, kilichopotea ni adabu tu! Mbuzi ni wewe mwenyewe, na ndevu unazo!"

Na mumewe akacheka. Mama Diwani alisikia kicheko kile, hakukitambua mara moja. Kilikuwa cha puani, cha kukwama kama pikipiki inayokataa kuwaka, kicheko cha kijana aliyekuwa akishuka mteremko wa sokoni akiwa ameachia usukani ili wasichana wamwone. Hakuwa amekisikia tangu kiharusi. Pale dukani mzee hakucheka. Hakuwa na haja ya kucheka, wala kugombana, wala kutafuta. Kila alichotaka kilikuwa kimeshafika.

"Haya, mbuzi," wifi alisema, "mimi sijui stempu, na sitajua mpaka kesho kutwa. Sema kingine. Tuna siku nzima."

Kiti kililia. Mzee alivuta pumzi, akazitoa, akavuta tena. Nyuma ya pazia mkewe aling'ata mdomo wake wa chini, kwa sababu neno lilikuwa pale mdomoni mwake mwenyewe, limekomaa, na lilimwuma kulizuia kuliko alivyodhani kitu kinaweza kuuma.

"Chu," mzee alisema. "Chu. Chum..."

"Chuma?"

"Siyo. Chum... vi." Akapumzika. Akalirudia, polepole, kama anayesoma anwani kwenye bahasha iliyolowa. "Chumvi."

"Chumvi! Sasa si ungesema!"

Mama Diwani aliegemea ukuta. Muuguzi mmoja wa hospitali, msichana mpole, alikuwa amemwambia siku ile ya kuruhusiwa: mama, mpe muda. Alidhani amempa kila kitu. Alikuwa amempa mgongo wake, usingizi wake, mwili wake mpaka nguo zikampwaya. Muda ndio ambao hakuwa nao, na kwa kuwa hakuwa nao, alikuwa akimkatizia kila neno kwa kumletea kitu mkononi. Wifi yake, asiyeelewa chochote, alikuwa amempa kwa nusu siku kile ambacho yeye aliyeelewa yote hakuwahi kumpa.

Alitaka kulia, akaona hata kulia kunahitaji nguvu. Alirudi kinyumenyume, akafungua mlango wa nyuma kwa vidole, akatoka uani. Kulikuwa na ndoo ya kufulia imepinduliwa juu chini kando ya kamba ya nguo. Akaikalia. Mungu, alisema moyoni, nilikuomba mume wangu aeleweke. Kumbe nilikuwa naomba nisiachwe. Hakuendelea. Alitoa simu, akampigia karani wa baraza.

"Ndiyo, mheshimiwa. Meya ameniambia. Niandike umejitoa?"

"Usiandike. Naenda."

"Unaenda?" Karani alisikika akifunua karatasi. "Kwa kweli hata sikufuta, maana jioni bado. Basi nafasi ya mjumbe wa akiba niiache wazi?"

"Iache wazi. Na hiyo hoja ya nusu kura nitafutie yote. Mpaka ukurasa wa mwisho."

"Ni ndefu, mheshimiwa."

"Nitasoma kwenye basi. Kutwa nzima nitakuwa nimekaa tu. Sijakaa tu siku nyingi."

Aliiweka simu mapajani. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimekauka na zilitaka kuanuliwa, lakini hakuinuka. Miguu ilikuwa mizito, na jua la mchana lilimwangukia begani kwa namna isiyokuwa mbaya. Alifikiri juu ya duka: nani atamwambia mama wa watoto mapacha kwamba sare zitachelewa. Alifikiri juu ya bweni la chuo na vitanda vyake vyembamba. Ndani walikuwa wameanza tena.

"Kofia," mzee alisema.

"Kofia ya nini, tuko ndani! Unaona jua hapa?"

"Kofia!"

"Haya, kofia hii. Sasa unaitupa ya nini? Kaka, usinitupie vitu, mimi si mkeo!"

Mama Diwani alijua alichotaka mumewe. Alitaka dirisha lifunguliwe. Hatua chache tu, na lingekuwa limefunguliwa kabla hawajagombana. Alikaza mikono yake kwenye ukingo wa ndoo, akainamisha kichwa, akamsikiliza mumewe akilitafuta neno: likija, likipotea, likija tena kwa upande mwingine. Lilichukua muda mrefu sana. Akamwacha alitafute.